Ndege Ndogo, Risasi na Ahadi za Mbono

Wako watu ambao ukiwatajia ndege inayoruka kwa umeme, au kwa mafuta yasiyochimbwa ardhini, hucheka. Kwao hayo ni mambo ya walioshiba, watu wa Ulaya na Marekani waliokwisha kumaliza matatizo ya maji na zahanati, na sasa wanatafuta la kuchezea. Sisi wa Dodoma, wanasema, tuna vumbi, tuna ukame, tuna barabara zinazomezwa na makorongo kila masika. Nishati ya ndege ndogo inatuhusu nini? Nami nasema inatuhusu sisi kuliko wao. Tena nasema kwamba wengi wa wale wanaotuletea habari hiyo kwa tabasamu wametuletea jibu baya. Kwa hiyo nina ugomvi na pande zote mbili, nao nitausema wazi.

Nchi hii ya kati haikuanza jana kufahamiana na ndege ndogo. Mwaka 1932, Imperial Airways ya Waingereza ilipofungua njia yake ya kwenda Cape Town, Dodoma ilikuwa mojawapo ya vituo, baada ya Moshi na kabla ya Mbeya. Zile zilihesabiwa kuwa ndege kubwa. Leo tungeziita ndogo. Baadaye wamisionari wa MAF waliweka kambi hapa, na kwa miaka mingi Cessna zao zikawa zinaondoka asubuhi na waganga na chanjo kwenda mahali ambapo Landrover ingefika kesho yake, kama ingefika. Kwetu, basi, ndege ndogo si chombo cha tajiri anayekwenda kutazama simba. Ni ambulensi, ni posta, ni gari la dawa.

Sasa tuitazame inakunywa nini.

Msomaji asiyeshughulika na ndege huenda hajui kwamba mafuta yake ni ya aina mbili. Ndege kubwa, na zile ndogo zenye injini ya tabo kama Cessna Caravan, hutumia Jet A-1, ambayo ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa tunayotia kwenye chemli. Lakini ndege nyingi za injini ya pistoni, yaani Cessna 172, 182, 206 na wenzao, hunywa petroli maalumu, na ndani ya petroli hiyo mpaka leo mna risasi. Si risasi ya bunduki, ingawa madini ni yaleyale. Mmarekani Thomas Midgley wa General Motors ndiye aliyegundua mwaka 1921 kwamba ukitia dawa yenye risasi katika petroli, injini huacha kugonga. Mwenyewe aliugua kwa sumu hiyohiyo, akapona, akaendelea kuisifu.

Dunia ilichukua miaka mia kuiondoa katika magari. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikutana Dakar Juni 2001 zikakubaliana, na mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeiacha. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. Daladala inayotoka Majengo kwenda Kikuyu haina risasi tena. Bodaboda haina. Ndege inayopita juu ya vichwa vya abiria hao inayo, hadi gramu 0.56 kwa lita moja. Cessna 206 hula kama lita 55 kwa saa. Zidisha mwenyewe utapata gramu 30 hivi za risasi, kila saa moja ya kuruka, zikimwagwa kuwa moshi usioonekana.

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kuwa hakuna kiasi cha risasi ambacho ni salama katika damu ya mtoto. Na kiwanja chetu cha zamani kiko katikati ya nyumba za watu, hata kata nzima inaitwa Kiwanja cha Ndege. Huko California, karibu na kiwanja cha Reid-Hillview, walipima damu za watoto, na taarifa yao ya mwaka 2021 ikaonyesha kwamba mtoto akikaa karibu zaidi na kiwanja, risasi huzidi. Wilaya ile ya Santa Clara ikapiga marufuku kuuza petroli hiyo kuanzia Januari 2022. Sisemi kwamba Dodoma ina ndege za pistoni nyingi kama California. Hazifiki hata kidogo. Ninachosema ni kwamba wao walipima. Mtoto wa Kigogo hana mwili wa chuma.

Ipo sababu ya pili, nayo haihitaji huruma, inahitaji hesabu tu. Dawa hiyo ya risasi kwa matumizi ya ndege inategemewa na karibu dunia nzima kutoka kiwanda kimoja kilichoko Ellesmere Port, Uingereza. Umoja wa Ulaya tangu Mei 2025 hauruhusu itumike bila kibali maalumu. Wamarekani wamejiwekea lengo la kuachana nayo kabla ya mwisho wa 2030, na tayari Septemba 2022 waliidhinisha petroli moja isiyo na risasi, ingawa ubishi juu yake ungali mkali. Wakishaacha wao, nani atakayeendelea kuwapikia watu wa Tanzania mapipa machache? Sisi hatusafishi hata mafuta ya kawaida, tangu TIPER pale Kigamboni ilipoacha kazi hiyo. Anayesema nishati mbadala ni anasa ya Wazungu anasahau kwamba hii isiyo mbadala nayo ni yao, na siku watakapofunga bomba, ndege zetu zitakaa kwenye banda na kuku watatagia kwenye viti.

Hapo ndipo wanapoingia wauza mbegu.

Tarehe 30 Desemba 2008, Boeing 747 ya Air New Zealand iliruka kutoka Auckland huku injini yake moja kati ya nne ikichomwa na mchanganyiko ambao nusu yake ni mafuta ya mbono kaburi. Mbegu zilitoka India na Afrika yetu hii: Malawi, Msumbiji, na Tanzania. Magazeti yakashangilia. Ilionekana ukombozi umepatikana katika kichaka ambacho bibi zetu walikiotesha kuzunguka makaburi na maboma kwa sababu tu mbuzi hawakili. Tukaambiwa mbono hauhitaji maji, hauhitaji rutuba, hauhitaji ardhi nzuri. Yaani ni mmea wa Dodoma hasa.

Watu wa Dodoma tungepaswa kuwa wa kwanza kukunja uso. Sisi tumekwisha kuahidiwa mafuta ya mbegu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilikuja Kongwa kulima karanga ili wananchi wake wapate mafuta ya kula. Walipanga ekari zaidi ya milioni tatu. Wakaleta matrekta, wakajenga reli kule Nachingwea, wakapigana na mibuyu na nyuki, na udongo wa Kongwa ukakauka ukawa kama saruji, kwa kuwa hakuna aliyewauliza Wagogo mvua huja lini na huondoka lini. Mwaka 1951 wakafunga, wakafuta zaidi ya pauni milioni 35. Dodoma hupata mvua ya milimita kama 570 kwa mwaka, nayo huja kwa pupa na kuondoka kwa pupa. Mbegu yoyote inayotoa mafuta mengi hudai maji. Mbono husalimika bila maji, ndiyo, lakini kusalimika si kuzaa. Hata mbwa wa jalalani husalimika.

Na yaliyotokea baada ya shangwe zile yanajulikana. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11. Ikaanguka mwaka 2011. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilipewa takriban hekta 34,000, nayo ikafilisika kabla hapajapatikana mafuta ya kutajika. Wawekezaji waliondoka, ardhi haikuondoka nao, lakini haikurudi kijijini pia. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji hugeuzwa kwanza kuwa ardhi ya jumla kabla mgeni hajapewa. Akishashindwa, haijirudii kijijini yenyewe kama mbuzi anaporudi zizini jioni. Mwanakijiji amebaki anatazama mbono usiolika, katika shamba alilokuwa akichimba mizizi, kukata kuni na kuchunga.

Mtu atanijibu kwamba basi tutumie alizeti, Singida na Dodoma zimejaa alizeti. Zimejaa, na bado taifa linaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Kumnyang'anya mama kikaango ili rubani apae ni jambo ambalo sitalikubali hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu. Rafiki yangu mmoja aliongeza kwa mzaha: kwa nini tusiwashe ndege kwa mvinyo wa zabibu za hapa? Mzaha wake una ukweli ndani. Brazil, tangu mwaka 2004, inaunda ndege ya kunyunyizia mashamba dawa, Ipanema, iliyoidhinishwa kutumia spiriti ya miwa mtupu. Inafanya kazi. Lakini spiriti ina nguvu pungufu kwa kama theluthi moja ikilinganishwa na petroli, lita kwa lita, hivyo ndege huenda karibu zaidi. Na miwa ni ya Kilombero na Mtibwa, siyo ya Bahi. Kama viwanda vya sukari vina molasi za ziada, wafanye. Mimi sitawazuia. Ila wasije kututafutia mashamba.

Nitakapotaja betri najua kicheko kitarudi, kwa hiyo niwape wanaocheka silaha yao wenyewe kwanza. Kilo moja ya petroli ya ndege ina nishati sawa na yuniti 12 za umeme, hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Kilo moja ya betri nzuri, ukiihesabu pamoja na kasha lake, ina kama 0.2. Hiyo ni tofauti ya mara 60. Injini ya pistoni hupoteza sehemu kubwa ya nishati kuwa joto, mota ya umeme haipotezi sana, kwa hiyo tofauti ya kweli inashuka hadi mara 20 hivi. Bado ni kubwa mno. Cessna 206 ikijazwa hubeba kama kilo 240 za petroli. Kuziweka betri badala yake ungehitaji kilo 4,800, ilhali ndege nzima, na watu wake na mizigo yake, hairuhusiwi kuzidi kilo 1,633. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba kesho utapanda ndege ya betri kutoka Dodoma hadi Kigoma, mwambie akakae kivulini apumzike.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili, na huu hawausemi. Nguvu zote hizo zinahitajika kwa sababu tunabeba watu watano na kwenda mbali. Ukibeba chupa mbili za damu na kwenda karibu, betri inatosha, na imetosha kwa miaka mingi sasa. Rwanda ilianza Oktoba 2016, katika kituo cha Muhanga: ndege zisizo na rubani, za betri, za mbawa, zenye kubeba chini ya kilo mbili na kufika kilometa 80 kisha kurudi. Zinadondosha kifurushi kwa mwavuli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu iliyokuwa ikiharibika kwa kupitwa na muda hospitalini ilipungua kwa asilimia 67.

Na sasa nifike kwenye kidonda. Agosti 2017 ilitangazwa kwamba Tanzania, kwa ushirikiano wa Bohari ya Dawa na kampuni hiyohiyo ya Zipline inayofanya kazi Rwanda, ingekuwa na mtandao mkubwa kuliko wote duniani wa aina hiyo: vituo vinne, ndege 120, safari hadi 2,000 kwa siku, zahanati na hospitali zaidi ya elfu moja, watu milioni 10. Kituo cha kwanza kilipangwa kuwa Dodoma, katika robo ya kwanza ya mwaka 2018. Ndiyo, Dodoma hii. Robo ya kwanza ikapita, na ya pili, na mwaka, na mpango haukutekelezwa kama ulivyotangazwa. Ghana, iliyotangaza baada yetu, ilianza Aprili 2019.

Sitafuti wa kumlaumu. Kinachoniudhi ni ukimya uliofuata. Ahadi ya barabara ikichelewa, wabunge husimama. Ahadi ya maji ikichelewa, akina mama huandamana na ndoo. Ahadi hii ilizikwa bila tanga. Sababu ni ile niliyoanza nayo: moyoni tuliona ni mchezo wa watoto, kitu cha kurusha harusini kupiga picha. Chukua ramani na rula. Bahi, Chamwino na Mvumi zote ziko ndani ya kilometa 80 za jiji. Kongwa, kwa mstari ulionyooka, nayo imo. Kila masika mito ya mchanga hujaa kwa saa moja na kukata njia, na gari la damu husimama ng'ambo likisubiri maji yapungue. Hata reli imeshindwa: mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliifunga kati ya Kilosa na Gulwe. Mama aliyejifungua akavuja damu hawezi kusubiri korongo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba katika nchi yetu haiwezekani. Mwaka 2018, kwa muda wa miezi sita, chombo cha betri cha Wajerumani kilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe: kilometa 60 juu ya maji kwa dakika 40 kwa wastani, ambapo kwa barabara na kivuko ni kama kilometa 240 na saa sita. Kilifika, kikarudi. Kisha jaribio likaisha, kama majaribio yanavyoisha. Tumekuwa nchi ya majaribio, na majaribio hayazoeshi zahanati kitu.

Kwa safari za watu, jibu la sasa ni lingine, na halina uchawi. Zipo injini za pistoni za dizeli zinazotumia Jet A-1 ileile ya ndege kubwa. Ya kwanza kuenea ilitoka Ujerumani, kampuni ya Thielert, ikitokana na injini ya gari la Mercedes. Kampuni ikafilisika mwaka 2008 na wenye ndege wakabaki na vipuri vya kulilia. Somo hilo lisisahauliwe na mnunuzi. Lakini tangu 2009 Austro Engine ya Austria inaunda za kwake, na ndege za Diamond huruka nazo duniani kote. Hazina risasi, hula kidogo, na mafuta yake yanapatikana popote panapotua ndege ya abiria. Si nishati ya kijani, najua. Ni hatua ya kwanza tu, lakini ni hatua inayoweza kupigwa leo na shule ya urubani, na shirika la misaada, na yeyote anayenunua ndege mpya. Serikali isiruhusu injini nyingine inayolazimisha petroli ya risasi kuingia nchini baada ya tarehe itakayotajwa. Itaje tarehe.

Na shule za urubani zina nafasi zaidi ya hiyo. Pipistrel ya Slovenia iliidhinishwa Ulaya Juni 2020 kwa ndege ya umeme ya viti viwili, Velis Electro, ya kwanza duniani kupata cheti kamili. Inaruka dakika 50 tu na akiba kidogo. Kwa safari ni upuuzi. Kwa mwanafunzi anayezunguka kiwanja, kutua na kupaa, kutua na kupaa, dakika 50 ndiyo somo lenyewe. Tena Dodoma iko mita 1,119 juu ya bahari, na mchana wa nyuzijoto 30 hewa yake ni nyepesi kama ya mita 1,900. Injini ya petroli huhema hapo kama mzee anayepanda mlima, kwa kuwa inaishi kwa hewa. Mota ya umeme haivuti pumzi. Pangaboi lake hupungukiwa, hilo ni kweli, na betri zinataka kupozwa vizuri kwenye joto letu. Mota yenyewe haipungukiwi.

Watasema umeme hukatika. Hukatika. Lakini paneli za jua za kilowati 10 juu ya paa la banda moja, kwa jua la hapa, zitatoa kama yuniti 40 kwa siku baada ya kupoteza kinachopotea, na betri za ndege ile zinajazwa kwa yuniti 22 hivi. Hiyo ni karibu masomo mawili kila siku, bila meli, bila bandari, bila lori kupanda Kibaigwa na mapipa. Kwa zile ndogo za damu, paa hilohilo lingetosha kundi zima.

Msalato wamepanga njia ya kurukia ya mita 3,600, itakayopokea ndege za kutoka ng'ambo. Sina ugomvi na ndege za kutoka ng'ambo. Nataka tu mhandisi mmoja wa mradi ule anionyeshe kwenye michoro yake mahali pa kuchajia ndege ya kwenda Bahi.